Hoja ya Kutangua Sheria ya Nyasi

Nchi yangu inaitwa Kisima. Haina jeshi. Ina maktaba katika kila kata, ina visima vingi kuliko watu wanavyohitaji, na bendera yake ni nyeupe yenye doti ya buluu katikati, kwa sababu siku niliyoichora sikujua bado jinsi ya kubadilisha rangi. Kwenye ramani ya dunia hutaiona. Iko ndani ya mchezo wa mtandaoni uitwao Mataifa Elfu, ambamo kila mchezaji anaongoza nchi yake, anapanga kodi, shule na mipaka, na akipenda anajiunga na baraza ili atunge sheria pamoja na nchi nyingine.

Sisi tuko Baraza la Meru. Wanachama wengi ni watu wa Arusha hapa hapa: wanafunzi, manesi, mafundi simu, madereva wa watalii wanaocheza wakisubiri wageni. Katibu wetu ni Mwalimu Elieza, aliyefundisha uraia mpaka akastaafu, na ambaye bado anaandika kama mtu aliyeshika chaki. Yeye ndiye aliyenielewesha kwamba baraza likipitisha sheria, hakuna mwanachama anayebaki alivyokuwa. Saa ile ile vipimo vya kila nchi vinasogea, cha utulivu, cha biashara, cha ulinzi. Huwezi kusema hii mimi sikuipigia kura. Ukitaka isikuguse, unajitoa barazani na kukaa peke yako.

Yeye pia ndiye aliyetukataza kusema tunafuta sheria.

"Kinachofutwa ni ubao," aliandika. "Sheria inatanguliwa."

Tukazoea. Kutangua, hoja ya kutangua, imetanguliwa. Neno likawa letu kabisa, hata nikasahau kwamba nje ya mchezo lina kazi nyingine, na kwamba nyumbani kwetu Lemara mwaka huu lilikuwa neno la kutamkwa kwa uangalifu. Mwaka huu nina mchumba.

Anaitwa Koikai. Anafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari na anaishi Engutoto, na nchi yake inaitwa Chuma. Tulijuana mwaka juzi, asubuhi moja majeshi ya Chuma yalipoingia Kisima. Mimi sikuwa na askari hata mmoja wa kumtuma mpakani. Nilikaa mbele ya kompyuta moyo ukinidunda kama vile kuna mtu anagonga mlango kweli, halafu nikaandika kwenye jukwaa maneno mawili tu: "Natuma nyasi."

Watu hawakuelewa. Brian, mwenye nchi inayoitwa Himaya Kuu, aliuliza kama ni za ng'ombe au za sungura. Lakini majeshi ya Chuma yaligeuka yote yakatoka, na chini yake pakaandikwa: "Nyasi nimezipokea. Samahani sana, nilibonyeza vibaya."

Hapo nikajua ni mtu wa kwetu. Kwetu Waarusha, mtu akichuma nyasi akazishika mbele yako, ameomba amani, na mkono wako unashuka. Haijalishi ulikuwa umekasirika kiasi gani.

Baada ya hapo niliandika sheria. Mimi, ambaye chuoni nilimaliza miaka yangu yote bila kunyoosha mkono darasani, na ambaye sasa nafanya kazi maktaba kwa sababu ni mahali ambapo kunong'ona ndiyo adabu. Nikaandika kwamba nchi mwanachama ikitumiwa nyasi na nchi nyingine, itasimamisha vita papo hapo na kukaa kuzungumza. Mwalimu Elieza akarekebisha koma. Ikapita. Kipimo cha utulivu kikapanda katika nchi zote, cha ulinzi kikashuka kidogo, wenye majeshi makubwa wakanung'unika wakanyamaza. Ikaitwa Sheria ya Nyasi, na ilikuwa kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokiweka mbele za watu bila kutamani kukirudisha.

Koikai akanitumia ujumbe wa kunipongeza. Nikajibu. Akajibu. Mwezi wa nne mwaka huu wazee wa kwao wakaja nyumbani na asali, wazee wetu wakaipokea wakanywa, nikawa mchumba wa mtu.

Sasa jioni ya Jumatano moja nilifungua jukwaa la baraza na kukuta maandishi mekundu juu kabisa. Hoja ya Kutangua Sheria ya Nyasi. Mleta hoja: Chuma.

Nilisoma mara mbili. Sababu zake zilikuwa fupi na zilikuwa za kweli. Himaya Kuu ya Brian ilikuwa imegundua njia. Asubuhi anaingia nchi ya mtu, anachukua mashamba na visima, jioni anatuma nyasi. Kwa kuwa sheria inasema vita visimame, mwenye nchi hawezi kumfukuza, na alichokishika Brian kinabaki cha Brian. Mwezi ule alikuwa ameshamega Kisima sehemu mbili. Kila mara alituma nyasi na kiemoji cha mbuzi anayecheka.

Yote hayo niliyajua. Lakini Koikai hakuwa ameniambia. Siku moja kabla tulikaa pamoja Sekei tukinywa chai, akaongea kuhusu wanafunzi wake, kuhusu mvua iliyochelewa, akanimegea chapati yake, na hakusema neno. Nikajiuliza kama kwake ile sheria ilikuwa maandishi tu kama maandishi mengine. Kama amesahau ilitoka wapi.

Nikatoka nje nyuma ya jiko, nikampigia Jackline. Jackline ni nesi, rafiki yangu tangu shule, na nchi yake inaitwa Mapera.

"Umeona?" nikamuuliza.

"Nimeona, shoga. Nikajua mmekubaliana."

"Hakuniambia hata neno. Nimesoma kama watu wengine. Koikai anataka kutangua, Jackline, tena ametangaza mbele ya wote."

"Sababu yake si Brian lakini?"

"Ndiyo, chanzo ni Brian. Kila siku anaingia, anachukua anachotaka, halafu anaomba msamaha. Na mimi namkubalia. Nifanyeje?"

"Jitoe basi. Kaa peke yako, hakuna sheria itakayokugusa."

"Kujitoa siwezi. Nimezoea watu." Nikafuta macho kwa kanga. "Mwisho ni Jumapili jioni. Wakikubali, ndiyo imetanguliwa."

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Nyuma yake, nilikuja kujua baadaye, yeyo alikuwa amekaa na ungo wa maharage magotini, akichambua. Yeyo ni mama yangu, Silantoi. Alisikia upande wangu wa mazungumzo wote, na hakusikia hata neno moja la Jackline.

Kwetu mama hamuulizi binti mambo ya aina hiyo. Anawaambia wanaohusika. Kwa hiyo yeyo hakuniuliza chochote. Alhamisi alinipakulia nyama nyingi kuliko kawaida. Ijumaa alinipigia pasi nguo za kazi bila kuombwa, akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, sote tulikuwa wasichana." Nikasema sawa. Jumamosi nilimkuta bandani kwa kuku, simu sikioni, akiongea Kimaasai kwa sauti ya chini, na aliponiona akaanza kuwasifia kuku. Nikadhani ni mambo ya kikundi chake cha akina mama.

Mimi nilikuwa na yangu. Koikai alinitumia ujumbe akiuliza kama nimeiona hoja. Nikajibu, "Nimeiona." Akauliza naionaje. Nikaandika aya nzima, nikaifuta, nikaandika, "Sawa tu." Akaandika, "Sawa tu?" Nikaweka simu chini ya mto.

Jumapili baada ya ibada yeyo hakubaki kwenye mnada. Hapo ningepaswa kushtuka. Mama yangu hawezi kupitwa na mkungu wa ndizi unaonadiwa nje ya kanisa, hata kama nyumbani tuna mingine miwili. Lakini siku hiyo alinishika mkono akatembea haraka mpaka nyumbani, na mlangoni nikaona viatu. Sandali za matairi zenye vumbi jeupe la Oldonyo Sambu. Viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa rangi. Na raba za bluu nilizozijua, kwa sababu tulikwenda kuzinunua pamoja.

Sebuleni alikaa baba mkubwa Sironka, kaka yake baba, na fimbo yake katikati ya magoti. Baba yangu mwenyewe alikuwa safarini na watalii, kwa hiyo kaka yake ndiye aliyekaa kwenye kiti chake. Kwenye kochi la pili alikaa Koikai, kwa unyoofu wa mtu aliyeitwa na polisi, na pembeni yake mjomba wake Lesian, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye jino lilimuuma na alikuwa ameegemeza shavu kwenye kiganja.

Nilikwenda kwa baba mkubwa nikainamisha kichwa, akanigusa utosini. Nikaenda kwa mzee Lesian, akanigusa kwa mkono usio na shavu.

"Naisiae," akasema baba mkubwa.

"Abee."

"Kaa hapa nikuone. Asali ya hawa watu tulikunywa, hatukunywa?"

"Mlikunywa, baba mkubwa."

"Ilikuwa tamu?"

"Mimi sikuionja."

"Ilikuwa tamu. Mzee Lesian shahidi, alikunywa kuliko wote, ndiyo maana leo jino linamdai." Lesian akatoa sauti ndogo kupitia kiganja. "Sasa mimi ni mtu mzima. Kitu kikishaingia tumboni humu sijui kukirudisha. Kwa hiyo nataka mnieleze polepole. Nani anatangua?"

Koikai akamtazama mjomba wake, akanitazama mimi. "Kutangua nini, mzee?"

"Usiniulize wewe. Si wewe ndiye uliyeleta hoja? Tena mbele ya watu wote, nasikia, kabla ya kumwambia mwenyewe."

"Hoja?" akasema Koikai.

"Na leo jioni ndiyo mwisho," akasema baba mkubwa. "Nimepanda gari alfajiri, mahindi yangu nimeyaacha na nyani, kwa sababu leo jioni ndiyo mwisho."

Hapo nikaelewa. Nikafungua mdomo kueleza, nikachelewa.

Yeyo akatokea kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameacha ugali motoni, kwa hiyo mkono wa kulia alishika mwiko. Mkono wa kushoto alishika fungu la nyasi. Kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu Lemara isipokuwa ukoka wa jirani yetu Mama Agnela, anaoumwagilia kila jioni kama mtoto, na nyasi zile zilikuwa za kijani kibichi zikidondosha maji sakafuni.

"Mimi sitaki maneno mengi," akasema. "Kama binti yangu amekosa, nyasi hizi hapa, namwombea. Lakini kwanza niambiwe. Huyo Brian ni nani?"

Koikai aliinama ghafla akaziba uso kwa mikono. Mabega yakaanza kumtikisika. Yeyo akadhani analia, akasogea hatua moja kwa huruma. Lesian, aliyekuwa karibu zaidi na aliyeona vizuri, akamkanyaga mguu.

"Naisiae," akasema Koikai ndani ya viganja, akihangaika kupumua. "Waambie. Tafadhali. Mimi siwezi."

Wote wakanigeukia.

Nilitazama kitambaa cha meza. Kimefumwa na yeyo, maua ya zambarau, moja limekosewa lina majani matano badala ya manne. Nikaliambia lile ua.

"Ni mchezo, baba mkubwa."

"Uchumba?"

"Hapana! Kinachotanguliwa. Ni sheria ya kwenye mchezo. Kwenye kompyuta."

Ilinichukua muda. Nilieleza kuhusu baraza, kuhusu Mwalimu Elieza na ubao wake, kuhusu Kisima. Niliposema nina nchi, baba mkubwa aliinua fimbo kidogo.

"Hiyo nchi yako ina ng'ombe?"

"Wapo."

"Wengi?"

"Wengi sana, baba mkubwa. Sijawahi hata kuwatazama vizuri."

Akamgeukia Lesian. "Umesikia? Mtoto huyu ana ng'ombe asiowatazama. Mahari tuliyotaja ilikuwa dharau."

"Na Brian?" akasema yeyo. Hakuwa amelegeza mwiko.

"Brian ni fundi simu wa Sekei, yeyo. Ana nchi pia. Anaingia kwenye nchi yangu, anachukua visima, halafu anatuma nyasi, na sheria inasema akituma nyasi nisimguse."

Yeyo akaketi kwenye mkono wa kiti. Nilimwona akirudia kichwani maneno ya siku ile ya dirishani, moja moja, na kila moja likigeuka na kukaa mahali pake. Akajifunika macho kwa ule mkono wa nyasi. "Ee Mungu wangu," akasema. "Na nimeshampigia baba yako."

Nilidhani mambo yataishia hapo, kwa kicheko, tule ugali. Baba mkubwa alicheka kweli mpaka akajifuta machozi kwa pembe ya shuka. Lakini alipomaliza alinitazama tena, na hakuwa anacheka.

"Mama yako alisema ulikuwa unalia kwenye simu. Mtu halii kwa ajili ya mchezo. Sheria yenyewe ikitanguliwa, inakufanya nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata Jackline. Nikainua macho kutoka kwenye ua.

"Sheria inapopita, inatugusa wanachama wote," nikasema. "Ikitanguliwa, kila nchi inarudishiwa ilichopunguziwa. Chuma ilipunguza jeshi, jeshi lake litarudi. La Himaya Kuu nalo litarudi. Mimi sikuwa na jeshi tangu mwanzo. Kwa hiyo sirudishiwi kitu. Napoteza tu kilichonifunika. Watu wanasema kutangua ni kurudi tulikokuwa. Lakini hatukuwa mahali pamoja."

Ugali ulianza kunukia kuungua. Hakuna aliyeinuka.

"Na kuna jingine," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. "Hizo nyasi ndizo zilizotujulisha. Mimi na yeye. Nikaona kama amesahau. Ningependa aniambie mimi kwanza, kabla ya watu."

Koikai hakuwa anacheka tena. Alikuwa amekaa mbele ya kochi, viwiko magotini.

"Sikusahau," akasema. "Nilikaa nayo wiki nzima. Kila nikitaka kukwambia, najua utasema sawa. Ukiumia unasema sawa, ukifurahi unasema sawa, siku ile nilipokununulia viatu vinavyokubana ulisema sawa ukavivaa hata kwenye harusi ya rafiki yangu Gerson. Kwenye jukwaa ndiko unakoandika kweli. Nikasema nikiweka hoja kule, atanipinga, nitajua anawaza nini. Halafu tuandike nyingine bora. Nani mwingine angeiandika? Sasa ukaniandikia sawa tu. Tangu hapo sijalala vizuri."

"Wewe nawe," akasema mzee Lesian. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo na lilimgharimu. "Unamchokoza mchumba wako kwa sheria?"

"Nimekosa, mjomba."

"Umekosa sana."

Koikai akainuka, akamwendea yeyo, akanyoosha mikono yote miwili, akaomba zile nyasi ili aniombe mimi msamaha. Yeyo akafikiri kidogo, akampa. Lakini alipokuwa anampa, mwiko ulikuwa bado uko juu katika mkono wa pili, na baba mkubwa akaona.

"Silantoi," akasema, "hebu amua. Nyasi mkono huu, mwiko mkono ule. Unaomba amani au unapiga?"

Yeyo akautazama mwiko kama mtu aliyeletewa na mgeni. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ndani ya kichwa changu kitu kilikuwa kimefunguka.

"Ndicho alichofanya Brian," nikasema.

"Nini?"

"Ametuma nyasi huku ameshika mwiko. Mimi sikuandika. Kwenye sheria niliandika tu kwamba anayetumiwa nyasi asimame. Sikuandika kwamba anayetuma atoke kwanza. Sikuona haja." Nilimgeukia Koikai, na nilikuwa naongea haraka kama ninavyoandika. "Siku ile nyasi nilituma mimi, sina kitu mkononi. Na wewe ulirudi nyuma mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Nikaandika nusu ya kitu nilichokiona. Nusu nyingine nilidhani kila mtu anaijua."

"Sisi tunaijua," akasema Koikai. "Brian haijui."

"Basi ongeza hiyo nusu," akasema yeyo. "Shida iko wapi?"

Shida, nikamweleza, ni kwamba katika Mataifa Elfu sheria haiongezwi neno. Iliyopita imepita. Ukitaka kuibadilisha ni lazima itanguliwe kwanza, kisha upeleke mpya, na mpya ni lazima ikae mbele ya wanachama siku kadhaa kabla ya kura. Siku hizo katikati hakuna sheria yoyote. Na majeshi ya Himaya Kuu yalikuwa yamepiga kambi mpakani kwangu tangu Ijumaa.

"Kwa hiyo ni lazima upige kura ya kuiua ya kwako mwenyewe," akasema baba mkubwa taratibu, "halafu ulale nje mpaka upate nyingine."

"Ndiyo."

Hakunishauri. Alichukua fimbo yake akaisimamisha ukutani, akasema kama kuna watu wanaokula ugali ulioungua yeye ni mmoja wao.

Tulikula. Mama Agnela akaja uani kuuliza ni mbuzi wa nani aliyekula ukoka wake, yeyo akamwambia ukweli wote, na Mama Agnela, ambaye kwao ni Marangu, akasema tungemwambia mapema angetupa na majani ya isale, kwao ndiyo yanayoombea msamaha, na hayadondoshi maji kwenye sakafu ya mtu. Akabaki kula nasi.

Jioni, jua likiwa bado kwenye bega la mlima, nilileta kompyuta sebuleni. Sikuwa nimewahi kucheza mbele ya watu. Baba mkubwa, aliyekuwa amesema anaondoka na gari la saa tisa, alivaa miwani yake ya kusomea zaburi. Kwenye orodha ya kura ilibaki Kisima peke yake. Mwalimu Elieza alikuwa ameandika: "Tunamsubiri mwandishi wa sheria."

Nikaandika. Nikasema sheria ni yangu na ina kasoro, na kasoro ni yangu pia. Nikasema aliyeileta hoja ana haki. Nikasema nitaleta nyingine, na kwamba hadi hapo nchi yangu haina ukuta, kila mmoja anajua. Kisha nikabonyeza neno lile. Tangua.

Vipimo vikasogea. Tuliviona wote. Ulinzi wa Chuma ukapanda, wa Himaya Kuu ukapanda, wa Mapera kidogo. Wa Kisima haukutikisika. Utulivu ukashuka kote, wa Kisima kuliko wote, mstari wa kijani ukifupika polepole, na yeyo akasema "Aa!" kama vile nimejikata kidole.

Koikai alikuwa amekaa upande wa pili wa meza na simu yake. Aliandika kitu, akaiweka simu kifudifudi.

Kwenye jukwaa pakatokea: "Chuma inatuma nyasi kwa Kisima."

Brian akajibu mara moja. "Sheria si imekufa? Nani kakulazimisha?"

"Hakuna," akaandika Koikai.

Jackline naye akatuma, Mapera kwa Kisima, bila neno lingine. Kisha nchi moja ya mwanafunzi ambaye hatujawahi kusemezana naye. Kisha Mwalimu Elieza, aliyeongeza nukta mwishoni kama kawaida yake. Nyasi zilikuwa zinafika tu, na mimi nilikuwa sina la kuandika, kwa hiyo nilikuwa naandika asante, asante, mpaka Koikai akacheka akasema unaweza kuandika moja kwa wote.

Jeshi la Himaya Kuu lilikuwa bado mpakani.

"Mwambie huyo kijana," akasema yeyo kutoka jikoni, "kwamba mwiko bado ninao."

"Yeyo, siwezi kuandika hivyo."

"Mimi naweza," akasema Koikai, na kabla sijamzuia alikuwa ameandika.

Brian akaandika: "Kisima, ni kweli mama yako anasema hivyo? Jamani mimi nilikuwa natania tu. Jumanne si unaleta simu yako kubadilishwa kioo? Usije naye." Na kwenye ramani doti nyekundu za mpakani zikaanza kupungua, na visima viwili vilivyokuwa vyekundu vikarudi buluu.

Baba mkubwa alivua miwani. Akasema ameona mabaraza mengi na hili si baya, ila wajumbe wake wanakaa mbali mbali mno. Akalala kwetu. Zile nyasi za Mama Agnela yeyo alizitia kwenye glasi ya maji juu ya televisheni, na siku iliyofuata baba mkubwa aliondoka nazo, kwa kuwa, alisema, huko kwake ng'ombe wamesahau rangi hiyo.

Jumatatu baada ya kazi Koikai alikuja tukaandika sheria mpya, nje, kwenye ngazi za jikoni. Aya ya kwanza inasema anayetuma nyasi kwanza ataondoa mkono wake juu ya kila alichokishika. Koikai alipendekeza tuondoe neno "kwanza" kwa sababu halihitajiki. Nikasema hapana. Akapendekeza iitwe Sheria ya Mwiko.

"Hapana," nikasema.

Akasubiri, akinitazama kando, kuona kama nitaongeza sawa.

"Hapana, Koikai. Inaitwa ya Nyasi."

Akaandika hivyo hivyo, huku akitabasamu, na ndani yeyo alikuwa anafunga dirisha la jikoni.